Bunia: tusafishe simu zetu, habari inayookoa isizame ndani ya makelele

Ndugu na dada wa Bunia, vijana wa Nyakasanza, Mudzi Pela, Lumumba, Bankoko, Saio na kartie zingine zote,

Kumbukeni siku ya posho, tarehe 15 mwezi wa pili 2025. Goma ilikuwa imeanguka mwisho wa mwezi wa kwanza, na Bukavu ilikuwa inaanguka siku zile zile. Siku hiyo mukuu wa majeshi ya Uganda, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, aliandika kwenye X kama anatoa saa 24 kwa wenye silaha wote walio Bunia waweke silaha chini, la sivyo watashambuliwa. Maneno machache tu kwenye simu ya mukubwa mumoja, na muji muzima haukulala.

Sisi tulikuwa hapa. Tunakumbuka namna simu zilikuwa zinalia. Kwanza picha ya yale maandishi, ikarudi mara kumi. Kisha odio ya mutu asiyejitaja: "Batoto ba Bunia, mukimbie, banafika." Kisha video ya watu wanakimbia na magodoro kichwani, eti ni njia ya kutoka Bunia, kumbe ilikuwa Goma. Katikati yake, matokeo ya mupira, tangazo la nywele za kuuza, maombi ya "tuma kwa watu 12 upate baraka", na vichekesho. Mama mumoja wa soko aliuliza kwenye grupe ya kartie: "Watoto wangu, barabara ya Komanda iko aje? Niko na mizigo njiani." Swali lake likapanda juu, likapotea. Watu walikuwa wanamutakia mutu anniversaire. Jibu alilipata usiku, kwa mudomo wa jirani.

Siku ya pili, tarehe 18, jeshi la Uganda lilitangaza kama askari wake wako Bunia. Askari wa Uganda walikuwa tayari ndani ya Ituri na Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021, pamoja na FARDC. Hayo yote mutu angeweza kuyajua na kuyapima. Lakini toka posho mupaka siku ya pili, wengi wetu tulikuwa na mamia ya ujumbe na hatukuwa na habari. Wamoja walikimbia bure. Wamoja walibaki bila kujua kwa nini wanabaki.

Tunaandika juu ya hiyo. Hapa kwetu, kutenga habari ya maana na makelele si mambo ya watu wenye muda wa kupoteza. Kuna siku inaamua kama mama atapakia mizigo yake ao hapana, kama motari atachukua abiria wa Komanda ao atarudi nyumbani akiwa muzima.

Nani anatujazia simu?

Tuseme ukweli: si kampuni peke yake. Kwenye Facebook na TikTok kuna mashine inayochagua utaona nini. Inaangalia nini kinakufanya usimame, ujibu, ukasirike. Woga na hasira vinasimamisha watu kuliko habari ya kawaida, basi njo vinavyopanda juu. Mashine haijui kama Djugu ni wapi. Inajua tu kama kidole chako kilisimama.

Lakini Bunia habari nyingi tunazipata kwenye WhatsApp, ndani ya magrupe. Kule hakuna mashine inayopanga. Ujumbe unafika namna ulitumwa, saa kwa saa. Mashine ni sisi. Kila odio iliyofika kwako, kuna mutu wa damu na nyama aliyeibonyeza, na mara nyingi ni rafiki yako ao ni wewe mwenyewe. WhatsApp ilijaribu kuweka breki: tangu mwezi wa kwanza 2019, dunia nzima, huwezi kutuma ujumbe mbele kwa zaidi ya sehemu tano mara moja, tangu mwezi wa nne 2020, ule uliokwisha kuzunguka sana, wenye alama ya mishale miwili, unatumwa kwa sehemu moja moja. Sisi tukafanya nini? Tunakopi, tunabandika, tunaendelea. Na mutu akiulizwa, anajibu: "Mimi nilitupa tu vile nilipata."

Hilo jibu tunalikataa. Mutu anayeuza nyama iliyooza hawezi kusema aliiuza vile aliipata.

Tulishalipa bei yake

Tarehe 1 mwezi wa munane 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, ikaingia na kwetu Ituri. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakakufa. Miezi hiyo yote simu zilijaa maneno: ni biashara, ni sumu, wanaokwenda hospitali hawarudi. Habari ya maana ilikuwa fupi na ilikuwepo: mugonjwa akifika mapema ana nafasi ya kupona, chanjo iko, maiti isiguswe. Lakini ilikuwa imezama chini ya rundo.

Hapa tunaomba musikilize vizuri, juu wakubwa wanapenda kukomea pale na kusema "vijana wanapenda uongo". Hapana. Watu walikuwa na sababu ya kuuliza. Waliona magari makubwa na franga nyingi zinapita, wakati zahanati ya kijiji haina paracetamol. Na mwezi wa tisa 2021 tume iliyowekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni yenyewe ilitoa ripoti kama wafanyakazi wa ile kazi ya Ebola walinyanyasa wanawake wa kwetu kimwili. Kwa hiyo ndani ya uvumi kunaweza kuwa na swali la kweli. Kuchuja si kumufunga mutu mudomo. Ni kuchukua swali lake, kulitenga na uongo uliolizunguka, na kulipeleka kwa mwenye kulijibu.

Chujio la serikali hatulitaki

Kuna watu wanasema: basi serikali ifunge. Tulishaona. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, karibu majuma matatu. Uvumi haukukatwa. Ulitembea kwa miguu na kwa moto, na hakuna aliyeweza kuuhakikisha.

Mwaka 2023, tarehe 13 mwezi wa tatu, tulipewa sheria mupya za habari na za mambo ya dijitali, zenye adabu ya gereza kwa mutu anayesambaza habari ya uongo. Mwezi wa tisa mwaka ule ule muandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa, akabaki gerezani mupaka mwezi wa tatu 2024. Na sisi watu wa Ituri, tuliowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, tunajua uzito wa neno "uongo" likiwa mudomoni mwa mwenye bunduki. Chujio likiwa mukononi mwa mukubwa, litaanza kuchuja ukweli usiomupendeza. Basi lazima likae mukononi mwetu, na lazima tujue kulitumia.

Chujio lisiwe ukuta

Hii njo sehemu ngumu. Kwa mutu wa London, "habari isiyonihusu" ni picha ya chakula cha jirani. Kwa mutu wa Bunia inaweza kuwa nini? Tujichunge. Wako vijana waliosafisha simu zao mupaka ndani hakukubaki hata sauti moja ya jamii ingine. Grupe ni za kabila lao tu, marafiki ni wa kabila lao tu. Wafu wa upande wao wanawajua majina. Wafu wa upande ungine wanawaita "propaganda".

Vita ya 1999 mupaka 2003 ilituonyesha muji uliogawanyika namna hiyo unafanana na nini: kartie hii huwezi kuvuka, kartie ile huwezi kulala. Wakati ule hakukuwa na WhatsApp. Leo tunaweza kujenga kuta zile zile kimya kimya, kila mutu ndani ya simu yake, na kuita hiyo usafi.

Wakimbizi karibu 60 waliouawa usiku kambini Savo, mwezi wa pili 2022, si makelele. Watu zaidi ya 40 waliouawa Komanda usiku wa kesha kanisani, mwezi wa saba 2025, si makelele. Mukulima wa Djugu, wa Irumu, wa Mahagi, wa Mambasa, awe wa jamii gani, akiuawa shambani habari yake inatuhusu sisi wote. Tunachuja uongo, woga wa kuuza na upuuzi. Hatuchuji watu.

Tunachoomba kila mumoja afanye

Wachimba dhahabu wa Mongbwalu hawabebe mulima wote nyumbani. Wanaosha muchanga, wanaangalia, wanabakiza kidogo. Sisi nasi tufanye hivi, kuanzia leo:

Moja. Kabla ya kutuma mbele, uliza tatu: wapi hasa, siku gani, nani ameona kwa macho? Ikikosa hata moja, usitume. Odio isiyo na jina wala mahali, izime. Mishale miwili kwenye ujumbe inakuambia kama umeshapita mikono mingi. Haikuambii kama ni kweli.

Mbili. Kila kartie iwe na grupe mbili. Moja ya usalama na barabara, ambamo wa-admini peke yao wanaandika. WhatsApp inaruhusu hiyo. Ingine ya salamu, mupira, anniversaire na kucheka. Hatukatazi kucheka, muji usiocheka unakufa. Lakini swali la barabara lisizikwe chini ya keki. Na wa-admini watoke kwenye jamii mbalimbali, hilo si la kujadili.

Tatu. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, kata kupakuliwa kwa picha na video bila wewe kugusa. Mega zako ni franga zako. Kijana anayenunua forfe ndogo asubuhi, video za watu wasiomujua zinaimaliza kabla ya saa sita, na jioni tahadhari ikitoka hana koneksyo.

Ine. Kwenye Facebook, ukurasa unaokuchosha unaweza kuuficha siku 30 ao kuacha kuufuata bila kugombana na mutu. Weka redio na watu unaowaamini kwenye orodha ya wapendwa ili waonekane kwanza. Kwenye TikTok, bonyeza kama haikupendezi. Mashine inajifunza kwako, basi uifunze.

Tano. Usiandike wakimbizi wamejificha wapi, wala askari wamepita wapi. Usiandike kabila la muuaji ao la marehemu wakati hujui. Adui naye yuko ndani ya grupe.

Sita. Ukikosea, rudi pale pale ulipokosea useme: "Ile niliyotuma haikuwa kweli." Si kwa siri kwa mutu mumoja. Sisi wenyewe tulishafanya kosa hilo, tukaona haya, na bado tuko hai.

Saba. Kumbuka wasio na simu. Mama wa kambi ya Kigonze anapata habari kwa redio na kwa mudomo wako. Sikiliza Radio Candip, sikiliza Radio Okapi, linganisha, kisha mupelekee iliyopikwa vizuri.

Tunachoomba kwa wakubwa

Kwa gavana, meya, jeshi na polisi: kimya chenu njo kiwanda cha uvumi. Ile posho ya mwezi wa pili, neno moja la haraka na la wazi lingezima odio mia. Tunaomba kila siku, saa inayojulikana, mutoe habari fupi ya usalama na ya barabara kwenye redio na kwenye simu, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu zingine. Musipojua, museme hamujajua bado na mutaje saa mutakayorudi. Mutu anavumilia "tungojeni". Kimya hakivumiliki.

Na kwako kijana uliyefika mwisho wa barua hii: usiitume kwa grupe kumi. Ingia kwanza kwenye grupe ya kartie yako, panda juu kidogo, tafuta swali la mutu ambalo halikujibiwa. Mujibu.

Sisi vijana raia wa Bunia.