Imani Mbele ya Mashine ya Kupumulia

Swali huulizwa kwenye varanda ya hospitali, karibu na mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi, na daktari huliuliza kwa sauti ya chini: familia inasemaje, tuendelee na mashine? Kaka mkubwa humtazama shangazi. Mmoja husema mama ameteseka vya kutosha, aachwe apumzike. Mwingine humjibu kwamba huko ni kumwua, na kwamba Mungu aliyemwongezea Hezekia miaka 15 hajabadilika. Yupo na wa tatu aliyenyamaza, kwa kuwa ndiye anayelipa bili, na anajua kwamba lolote atakalosema litasikika kama neno la fedha.

Toleo hili limeandaliwa kwa ajili ya watu hao. Msimamo wake ni kwamba Mkristo anayekubali mashine iondolewe, pale ambapo tiba haiponyi tena na inarefusha tu kufa, hajamkana Mungu wala hajamwua ndugu yake. Msimamo huu si mgeni. Novemba 24, 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa nusukaputi waliotaka kujua kama wanalazimika kuendelea na mashine ya kupumulia kwa mgonjwa asiye na tumaini. Alisema mtu anawajibika kuutunza uhai kwa njia za kawaida, zisizomtwisha yeye au wenzake mzigo uliopita kiasi. Zaidi ya hapo halazimiki, na familia inaweza kuomba mashine iondolewe.

Miaka 18 baadaye fundisho hilo lilipimwa mahakamani, huko New Jersey, Marekani. Aprili 1975 Karen Ann Quinlan, binti wa miaka 21, aliacha kupumua kwa muda, ubongo wake ukaharibika, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na hakupata fahamu tena. Wazazi wake, Joseph na Julia, walikuwa Wakatoliki wacha Mungu. Baba ndiye aliyechelewa kuliko wote nyumbani kukubali mashine iondolewe, kwa kuwa aliamini mtoto angeamka. Walikwenda kwa paroko wao, Padre Thomas Trapasso, naye akawaeleza mafundisho ya Kanisa. Madaktari walikataa kuiondoa mashine. Mahakama ya kwanza nayo ikakataa. Askofu Lawrence Casey wa Jimbo la Paterson akasimama na wazazi, na Machi 31, 1976, Mahakama ya Juu ya New Jersey ikawapa haki.

Mashine iliondolewa Mei mwaka huo. Karen hakufa. Aliendelea kupumua mwenyewe, akilishwa kwa mpira, hadi alipofariki Juni 11, 1985, akiwa na miaka 31.

Miaka hiyo tisa ndiyo inayoeleza jambo hili kuliko hotuba nyingi. Wazazi hawakuomba mpira wa chakula uondolewe, wala hawakuacha kwenda kumwona. Walitaka mashine iondoke, hawakutaka binti yao afe, na alipoendelea kuishi walimtunza mpaka mwisho. Hapo ndipo penye mpaka kati ya kumwua mgonjwa na kuacha kumzuilia kifo chake. Sindano ya kuua ni jambo lingine kabisa: makanisa yetu yanaihesabu kuwa dhambi, na sheria za Kenya na Tanzania zinaihesabu kuwa kosa la jinai. Ni kweli kwamba Wakristo hawakubaliani katika kila kitu. Kuhusu chakula na maji ya mpirani, Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kwa kawaida ni matunzo anayostahili kila mgonjwa, ilhali baadhi ya Waprotestanti huyahesabu kuwa tiba inayoweza kuachwa. Familia yenye Mkatoliki na Mlutheri ndani yake ijue hilo mapema.

Na wale wanaomtaja Hezekia? Wana haki ya kuomba muujiza, na jarida hili haliwakatazi. Lakini Biblia hiyohiyo inaye Yakobo, aliyewaita wanawe wote kando ya kitanda, akawabariki, akaagiza azikwe wapi, kisha akakunja miguu akafa. Hakuna aliyesema imani yake ilikuwa pungufu. Anayemwambia binti aliyekesha hospitalini kwamba mama amekufa kwa sababu maombi hayakutosha anamtwisha mzigo ambao Maandiko hayakumpa. Huo ni ukatili, hata ukitamkwa kwa jina la Yesu.

Kuondoa mashine, hata hivyo, si kumwacha mgonjwa peke yake na maumivu. Daktari Cicely Saunders, Mkristo aliyefungua St Christopher's, kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba anayekufa ana maumivu ya mwili, ya moyo, ya jamaa zake na ya roho, na yote yatibiwe. Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, aliileta huduma hiyo Kampala mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Tangu mwaka 2004 wauguzi wa Uganda waliosomea huduma hiyo, yaani tiba shufaa, wameruhusiwa kuiandika wenyewe. Bado wapo waumini wanaoiogopa mofini kana kwamba kuumia ndiyo njia ya kwenda mbinguni. Papa huyohuyo, mwaka huohuo wa 1957, alikwisha kusema kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata pale inapoweza kufupisha siku, mradi nia iwe kutuliza.

Turudi kwa yule aliyenyamaza. Aruhusiwe kusema. Kuuza shamba ili kununua wiki moja zaidi ya mashine, wakati wajukuu wanafukuzwa shule kwa karo, ni mzigo wa aina ileile ambayo Papa Pius aliitaja, na anayeutaja hana deni la upendo kwa mama yake.

Wachungaji na mapadre tunawaomba wafundishe mambo haya kwenye jumuiya na vikundi vya akina mama, watu wakiwa wazima, kwa sababu mlangoni pa chumba cha mahututi hakuna anayeweza kusikiliza somo. Nawe msomaji uliye na mzazi mzee, mwulize wiki hii angependa nini siku hiyo ikifika. Jibu lake liandikwe, na ndugu wote wasomewe.