Mwanao ni fundi umeme mpya? Mshahara mdogo unaulipia wewe

Mama mmoja wa Msanzi, wilayani Kalambo, alinipigia simu Jumapili jioni. Nilidhani anataka kuuliza mambo ya chanjo, maana ndiyo ninayoandika mara nyingi. Kumbe sivyo.

“Mwanangu, kijana wangu amemaliza umeme VETA. Amepata bosi Sumbawanga mjini, wanafunga umeme kwenye majumba. Atamlipa elfu kumi kwa siku. Baba yake anasema ashukuru, aende. Mimi moyo unasita. Wewe unaonaje?”

Nikamwambia, “Mama, chukua kalamu tupige hesabu kwanza.”

Elfu kumi kwa siku 26 ni 260,000. Kwa kijana aliyetoka shule juzi, hela hiyo inasikika vizuri. Chumba alichopata ni 30,000 kwa mwezi. Chakula, akijibana, 5,000 kwa siku, yaani 150,000. Nauli ya kwenda na kurudi 2,000, kwa siku 26 ni 52,000. Jumla 232,000. Anabaki na 28,000, na hapo hajanunua vocha, sabuni wala koleo.

Lakini huo ni mwezi mzuri. Ufipa tunaijua. Mvua ikianza Novemba hadi Aprili, ujenzi unasuasua, na kibarua wa kutwa asipoingia kazini halipwi. Tuseme amepata siku 18 tu. Mapato ni 180,000. Chumba na chakula peke yake ni 180,000. Nauli ya siku 18 ni 36,000, na haina pa kutoka.

“Hiyo 36,000 itatoka wapi?” nikauliza.

Mama akanyamaza kidogo. “Kwangu. Nitauza maharage.”

Hapo ndipo wazazi wengi tunapopitiwa. Tunamwambia kijana asiwe na mdomo, apokee chochote kwa sababu kazi hazipatikani. Kisha kila mwezi tunatuma unga na hela ya kodi. Tukiangalia vizuri, sisi ndio tunaomsaidia bosi kumlipa fundi wake.

Woga wa wazazi naufahamu, na si wa kijinga. Ila kuuliza malipo kwa heshima si jeuri. Kijana ajiandae kwa mambo manne kabla ya kwenda kuzungumza.

Kwanza, ajue sakafu iko wapi. Serikali hutoa amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi. Amri mpya ilianza kutumika Januari 1, 2026, na kwa wastani ilipandisha kima hicho kutoka 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Huo ni wastani. Kila sekta ina kiwango chake, kwa hiyo aulize ofisi ya kazi ya mkoa kiwango kinachomhusu. Ukigawa wastani huo kwa siku 26 unapata kama 13,800 kwa siku. Kima cha chini si jambo la kupatana. Mapatano yanaanzia hapo kwenda juu.

Pili, aulize mafundi watatu waliomtangulia wanalipwaje, kwa kutwa au kwa pointi. Asiulize shangazi wala jirani, aulize walioshika waya. Akiijua bei ya mtaani, hataropoka kiasi cha kumkimbiza bosi wala cha kujipunja.

Tatu, aombe kwa sababu. “Nina njaa” si sababu kwa bosi. Sababu ni cheti chake na daraja alilofikia, kazi alizofanya mafunzoni, na kwamba anaweza kusoma mchoro na kupima saketi bila kusimamiwa kila dakika, kama kweli anaweza. Asidanganye, umeme humuumbua mwongo haraka. Ajue pia kwamba cheti cha chuo si leseni. Akitaka siku moja kufunga umeme kwa jina lake atahitaji leseni ya EWURA, kwa hiyo kufanya kazi chini ya fundi mwenye leseni na kupata barua ya uzoefu navyo vina thamani.

Nne, bosi akikataa kuongeza hela, kuna mengine ya kuomba: vifaa vya kazi, nauli, chakula cha mchana, na tarehe ya kuangalia malipo upya, kwa mfano baada ya miezi mitatu.

Lipo la tano, na hili si la kupatana kabisa.

Kazi yangu ya habari za afya imenifikisha kwenye wodi za majeruhi. Nimewahi kusimama pembeni ya kitanda cha kijana aliyeungua mikono yote miwili, akiwa na wiki ya tatu kazini. Mama yake hakuniuliza kuhusu dawa. Aliniuliza, “Nani atalipa?” Simu ya bosi ilikuwa imezimwa.

Umeme haujui kwamba huyu yuko kwenye majaribio. Ndiyo maana siku ya kuzungumzia mshahara ndiyo siku ya kuuliza: “Bosi, nimeandikishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?” Mfuko huo, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mchango ni nusu asilimia ya mshahara. Kwa mshahara wa 260,000 ni shilingi 1,300 kwa mwezi. Mfanyakazi akiumia kazini, mfuko hugharamia matibabu na kulipa fidia, na fidia ya ulemavu hukokotolewa kwa kuangalia kipato chake. Anayekubali kulipwa kidogo hujipunja mara mbili: siku akiwa mzima na siku akiumia.

Buti, glovu na mkanda wa kupandia juu pia ni wajibu wa mwajiri. Fundi asikatwe mshahara kuvinunua.

Yakishakubaliwa, yaandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Usiku ule mama na kijana walifanya mazoezi jikoni, mama akiwa bosi. Kijana aliambiwa arudie mara tatu, mpaka sauti ikaacha kutetemeka: “Shikamoo bosi. Nashukuru kwa nafasi hii na ninaitaka. Nimeulizia viwango na nimepiga hesabu, naomba 16,000 kwa siku. Naomba pia tuandikiane.”

Bosi wa kweli alicheka, akasema huyu kafundishwa. Akakataa 16,000. Wakavutana mpaka 14,000, na buti na glovu juu yake. Karatasi ilichukua siku mbili zaidi, lakini imetiwa saini. Kwenye WCF bosi alisema “nitashughulikia”, na kijana ameambiwa na mama yake aulize tena kila mwisho wa mwezi, kwa upole, mpaka ionekane.

Rudi kwenye ule mwezi wa mvua. Siku 18 kwa 14,000 ni 252,000. Matumizi ni yaleyale 216,000. Pengo la 36,000 limegeuka akiba ya 36,000.

Juzi nilimpigia mama kumjulia hali.

“Maharage nimeuza,” akaniambia. “Safari hii hela nimekaa nayo mwenyewe.”