Majarida ya Hotirodi za Jadi: Lipi Linastahili Fedha Yako?

Si mara nyingi safu hii hupokea barua inayouliza habari za majarida ya nchi ya mbali, tena majarida yahusuyo jambo moja tu. Mzazi mmoja, ambaye kijana wake anajifunza umekanika, ataka kujua ni majarida yapi ya hotirodi za jadi yafaayo kununuliwa. Kijana huyo kila apatapo visenti huagiza majarida kutoka Marekani, na nusu yake, asema mzazi, yamejaa rangi za kung'aa pasipo somo lolote. Swali hili ni la haki. Fedha ya mfanyakazi haiokotwi njiani, na gharama ya posta mara nyingine huipita bei ya jarida lenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Hotirodi ni gari kuukuu, aghalabu Ford, lililovuliwa madigadi na kila uzito usio wa lazima, kisha likatiwa injini yenye nguvu kupita ile lililozaliwa nayo. Chimbuko lake hasa ni kusini mwa California. Huko, katika miaka ya 1930, vijana wasio na fedha nyingi walinunua Ford Model T, iliyoundwa kati ya 1908 na 1927, au Model A iliyoifuata hadi 1931, wakazifumua na kuziunda upya kwa mikono yao, wakaenda kushindana na saa juu ya sakafu tambarare za maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage. Mwaka 1932 Ford ilitoa injini ya V8 ambayo vali zake zimo ndani ya bloki, hata silinda hedi yake ikawa bapa kama sahani. Injini hiyo ndiyo iliyotawala mchezo huo mpaka Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955. Gari huitwa la jadi pale liundwapo kwa vipuri, au walau kwa desturi, za kabla ya katikati ya miaka ya 1960.

Sasa majarida. Lililotangulia liliitwa Throttle, nalo liliishi mwaka mmoja tu, 1941, kisha Marekani ikaingia vitani. Baada ya vita vijana walirudi na ujuzi walioupata jeshini, lakini jina lao lilikuwa baya. Magazeti ya kila siku yaliwaita wahuni wa barabarani, na kwa wale walioshindana usiku katika mitaa ya watu, hatuwezi kusema walisingiziwa. Ndipo Januari 1948 Robert Petersen, kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, alipotoa toleo la kwanza la Hot Rod, akaliuza kwa senti 25 penye maonyesho ya magari hayo mjini Los Angeles. Wally Parks, aliyeshika uhariri wake baadaye, ndiye aliyeanzisha mwaka 1951 chama cha kuwatoa vijana mitaani na kuwapeleka katika njia maalumu za mashindano. Kwa hiyo jarida hilo halikuzaliwa kwa ajili ya kuuza picha tu. Lilikuwa na kesi ya kujibu mbele ya umma, na hilo laonekana katika kurasa zake za mwanzo: usalama, kanuni, majina ya vilabu, na vikatuni vya Tom Medley vya kuwacheka wajuaji.

Yakafuata madogo kwa umbo, Hop Up mwaka 1951 na Rod & Custom mwaka 1953, yakiweza kutiwa mfukoni au, yamkini, kufichwa ndani ya kitabu cha hesabu darasani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye hazina kwa mwanafunzi wa ufundi. Waandishi wengi walikuwa wenyewe watu wa gereji. Picha zao ni nyeusi na nyeupe, hazina madaha, lakini zinafuatana hatua kwa hatua: bodi inakatwa nguzo ili paa lishushwe, vipande vinalinganishwa, vinachomelewa. Hata matangazo ya biashara yana faida, kwani humwonyesha msomaji kipuri gani kiliuzwa mwaka gani na kwa bei gani. Anayebishana juu ya ujadi wa kabureta fulani atapata hukumu yake humo.

Street Rodder la 1972 liliandikia zaidi watu wa kusafiri na familia katika magari hayo, wala si ubaya, ila msomaji ajue anachokinunua. The Rodder's Journal, lililoanza mwaka 1994, lilirudisha heshima ya mambo ya kale kwa karatasi nzito na picha bora kabisa. Rod & Custom, lililowahi kufa na kufufuka, lilifungwa mwaka 2014. Na Desemba 2019 kampuni moja ilifunga kwa mpigo majarida 19 ya magari, Street Rodder likiwamo, ikabakiza matatu, Hot Rod likiwa mojawapo.

Msiba huu si wa wenye magari peke yao. Mafundi wengi wa zamani hawakuandika vitabu. Walichokijua kilinaswa na kamera ya jarida la senti chache, na jarida hilo mtu alilitupa baada ya kulisoma. Kila rundo linalotiwa moto huenda lina namna fulani ya kufanya kazi ambayo haikuandikwa penginepo.

Kipimo changu cha jarida zuri ni breki. Ford ziliendelea kutumia breki za nyaya na fimbo mpaka zilipopewa za mafuta kwa magari ya 1939, na fundi mwangalifu alipoongeza nguvu ya injini katika gari la 1932 alitafuta kwanza breki za mafuta za gari la baadaye. Mwandishi anayesifu injini kurasa nne akanyamaza juu ya namna ya kulisimamisha gari, mrudishie jarida lake. Tazama pia maelezo chini ya picha. Kama hayataji mwaka wa gari, injini, giaboksi na ekseli, basi picha hiyo ni pambo la ukutani.

Mzazi naye ana wajibu hapa. Kurasa za kale zinaonyesha mafundi wakijaza mabonde ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa, bila kinyago, na breki shuu za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Leo twajua kuwa risasi ni sumu na kuwa vumbi la asbesto huleta saratani. Kijana asome namna ya kukata na kupima, lakini hayo mawili asiyaige.

Kuhusu kununua, usikimbilie toleo la kwanza la 1948. Bei yake ni ya wakusanyaji, na nakala zilizochapwa upya zipo. Kwa elimu, matoleo kadhaa ya mwaka mmoja yanayofuatana ni bora kuliko moja lenye sifa. Muulize muuzaji kama kurasa za katikati zimo na kama kuponi za matangazo hazikukatwa, maana mkasi wa kuponi mara nyingi ulikula nusu ya makala ya nyuma. Asiyeweza kupata majarida yenyewe atafute kitabu cha Dean Batchelor, The American Hot Rod, cha 1995. Mwandishi huyo aliendesha gari la mbio kwenye chumvi ya Bonneville mwaka 1949, hivyo aliyaandika aliyoyaona.

Na kijana awe na daftari. Vipimo vyote humo ni vya inchi, nayo inchi moja ni milimita 25.4. Avigeuze kwa kalamu kabla hajashika msumeno, kisha mwenzake avikague tena.