Mlango wa serikali umehamia kwenye simu, na simu zetu haziufungui

Majuzi nilikuwa Kongo, kule Kawangware, nimekwenda kuwaamkua jamaa. Nikaingia saiba kuchapisha karatasi mbili, kazi ya dakika tano. Nilitoka baada ya saa mbili na nusu.

Mbele yangu alikaa mama mmoja Mnubi, mzaliwa wa Makina kule Kibera, bahasha ya kaki mapajani na simu mkononi. Alikuwa anamwombea mwanawe ufadhili wa masomo kwenye tovuti ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Alikuwa amejaribu nyumbani siku mbili. Fomu yafunguka vizuri, ajaza jina, ajaza shule, kisha akifika tarehe ya kuzaliwa, orodha ya miaka yatoka nje ya kioo cha simu na haisogei. Akivuka hapo, kitufe cha kutuma kimefunikwa na tangazo lisilo na pa kulifungia. Akihangaika nalo kidogo, ukurasa wamwambia muda wake umekwisha, aanze upya. Na yote aliyoandika yamefutika.

"Mama, hiyo ni ya kompyuta," kijana wa saiba akamwambia. "Hapa ni mia na hamsini."

Yule mama akamtazama. "Mwanangu, mbona simu hii hii natuma pesa kila siku?"

Swali hilo sijasikia likijibiwa katika mkutano wowote wa mambo ya dijitali, nami hupenda sana mikutano hiyo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilijengwa juu ya simu ya bei rahisi kuliko zote, ile ya vitufe. Waliobuni hawakumwambia mtu wa Kibera anunue simu nyingine kwanza. Bibi asiyejua kusoma vyema alijifunza kwa wiki moja. Kwa hiyo tuache ile kauli kwamba watu wetu hawaelewi teknolojia.

Niliomba kuiona simu yake. Alikuwa anatumia Opera Mini, kivinjari ambacho wengi wetu tunakipenda kwa sababu chaokoa bando. Chafanya hivyo kwa kuupitisha ukurasa kwanza kwenye kompyuta za kampuni yake, zikaukamua, kisha wakufikia mwepesi. Lakini katika hali yake ya kubana zaidi, ile sehemu ya ukurasa inayotenda kazi, yenye kufungua orodha na kukagua fomu, hukatwa miguu. Aliyeijenga tovuti huenda hakuwahi kuijaribu hapo. Aliijaribu ofisini, kwenye kioo kipana, kwa Chrome mpya na wifi ya bure. Na hata Chrome yenyewe yawaacha watu njiani: toleo lililotoka Desemba 2023 halikubali tena simu za Android 7. Simu ni nzima, yapiga, yapokea, lakini kivinjari chake kimezeeka kwa amri.

Kisha kuna uzito. Ukurasa wa kawaida wa mtandao siku hizi hupita megabaiti 2. Anayenunua bando la siku analipia kila kilo ya mzigo huo, ikiwemo ile picha kubwa ya mkurugenzi akikata utepe. Na ukishaupakua, waulizwa uthibitishe kwamba wewe si roboti kwa kuchagua picha zenye bomba la zimamoto la Kimarekani, lile jekundu la kando ya barabara. Mtu wa Lamu, au wa Kawangware, alione wapi?

Lakini lililoniuma zaidi ni jina. Fomu ilitaka jina la ukoo na ikakataa alama yoyote isiyo herufi. Katika nchi yenye akina Ng'ang'a na Nyong'o! Sisi wa Pwani twalijua balaa hili, na bin zetu na binti zetu, na Mwanaisha anayeandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu. Mjenzi wa tovuti aliona ni kosa dogo la herufi. Kwa Mnubi wa Kibera, jina lisilolingana na kitambulisho si dogo. Hawa ni watu ambao wazee wao waliwekwa Kibera na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita baada ya kuwatumikia jeshini, na hatimiliki ya ekari 288 wakaipata mwaka 2017. Wameishi miaka mingi wakihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho.

Ndiyo maana ilikuwa ni Nubian Rights Forum, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, waliokwenda Mahakama Kuu kuipinga Huduma Namba. Uamuzi wa Januari 30, 2020 uliruhusu mpango uendelee, ila kwa sharti la kuwekwa sheria na kanuni za kutosha, na majaji wakakiri kwamba wapo watu watakaobaki nje kwa kukosa hati au kwa alama za vidole zisizosomeka. Kesi ile ilihusu kutengwa na mfumo mzima. Ninaloliona saiba ni kutengwa na kitufe kilichofunikwa, na sidhani kuna wakili atakayelipeleka mahakamani.

Sisemi turudi kwenye foleni. Kabla ya eCitizen, mtu wa Faza aliyetaka pasipoti alijua gharama ya safari, na dalali wa mlangoni alijua anavyomkamua. Lakini Juni 30, 2023 serikali ilipotangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimehamishiwa mtandaoni, ilikuwa yajenga mlango mmoja. Haikupita mwezi, Julai 27, waziri akathibitisha kwamba eCitizen imeshambuliwa, na waliotaka tiketi za treni ya Mombasa wakahangaika sawa na waliotaka viza. Siku hiyo wenye simu kubwa nao walionja kidogo.

Na dalali hajaondoka, amehamia saiba. Kijana wa Kongo ni mwema, simlaumu, ndiyo riziki yake. Lakini juu ya meza yake pana daftari la shule, na ndani yake majina ya wateja, nambari za vitambulisho na nywila zao, zimepangwa kwa kalamu ya buluu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Yamlinda vipi mama anayelazimika kuitamka nywila yake kwa sauti mbele ya watu sita?

Dawa yake si ngeni. Serikali ya Uingereza huwaagiza wajenzi wa tovuti zake waanze na ukurasa mwepesi unaofanya kazi hata mapambo yakikatika, kisha waongeze. Wetu waongeze Kiswahili, ambacho Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini kwenye fomu ile sikukiona hata kwenye "tuma". Na kabla tovuti yoyote ya umma haijalipiwa, aliyeijenga aletwe Kongo, apewe simu ya yule mama na bando la shilingi 20, ajaze fomu yake mwenyewe hadi mwisho, nasi tumtazame.

Tulipomaliza, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Tovuti ikasema jibu litatumwa kwa baruapepe. Mama hakuwa nayo. Kijana akamfungulia, akaiandika nywila kwenye daftari lake.

"Sasa jibu likija nitajuaje?" mama akauliza.

"Uwe wapitia hapa kila Ijumaa, mama. Nitakuangalizia."