Mzee Akiambiwa: Funga Mizigo

Wengi wetu tumezoea kuona mzee akikaa kwa mwanawe, akiota moto pamoja na wajukuu. Huko Ulaya baadhi ya wazee hukaa katika nyumba za kutunzwa. Basi, nyumba hiyo ikifungwa, mzee aende wapi?

Swali hilo liliwafikia Waingereza kwa ghafula mwaka 2011. Kampuni iliyozidi zote kwa kazi hiyo, jina lake Southern Cross, ilikuwa na nyumba karibu 750 na wakaaji wapata 31,000. Lakini majengo hayakuwa yake: ilikuwa mpangaji tu, nayo kodi ilipanda mwaka kwa mwaka kama mapatano yalivyotaka. Mabaraza ya miji, yaliyowalipia wazee wengi, yakabana fedha. Vitanda vikabaki vitupu. Mwezi wa Julai wenye majengo wakajitoa, na kampuni ikavunjika. Fikirini mashaka ya bibi wa miaka 90 asiyejua kesho atalala wapi! Kwa bahati njema makampuni mengine yalizichukua nyumba, na wazee walio wengi wakabaki katika vitanda vyao.

Sisi hatupendi kuona bahati ikifanya kazi ya sheria. Waingereza nao waliona hivyo, wakatunga sheria ya mwaka 2014 iitwayo Care Act. Kampuni ikifilisika, baraza la mji lapaswa kuwatunza wakaaji wake, hata wale waliokuwa wakijilipia wenyewe. Tena tangu Aprili 2015 wakaguzi huchungulia daftari za fedha za makampuni makubwa, wapate kuyaonya mabaraza kabla ya anguko.

Ila sheria hiyo yahusu kufilisika. Mwenye nyumba akichoka tu na biashara, mara nyingi mkataba humpa mzee siku 28. Siku 28 za kuacha dirisha alilolizoea, jirani wa mezani, na muuguzi ajuaye namna ya kumgeuza bila maumivu!

Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimpa haki Bi. Pamela Coughlan, mlemavu tangu ajali ya barabarani ya mwaka 1971. Yeye na wenzake waliahidiwa kukaa Mardon House, mjini Exeter, maisha yao yote; kisha wakuu wa afya wakataka kuifunga. Waamuzi wakasema ahadi ile haiwezi kuvunjwa hivi hivi. Hakuwa mzee bado, lakini hukumu hiyo hutajwa mpaka leo watu wakibishana mahakamani juu ya kufungwa kwa nyumba za wazee.