Moyo Nao Huongopa

Juma lililopita, katika tanga moja hapa Tabora, baada ya dua kwisha na kahawa kuzungushwa, mzee mmoja mwenye haiba, ambaye vijana hunyamaza anapofungua kinywa, alitamka mbele ya halaiki kwamba moyo wa mwanadamu haudanganyi, na kwamba mtu akiona moyo wake umemshuku jirani pasipo sababu, basi ajue sababu ipo, ila bado haijadhihirika. Watu wengi waliitikia. Mimi sikuitikia, na tangu siku hiyo neno lile limenikaa kooni, kwa kuwa katika nchi hii ya Unyamwezi na kwa jirani zetu wa Usukuma neno hilo limekwisha kumwaga damu nyingi, na waliomwagwa damu aghalabu walikuwa wanawake wazee wasio na wa kuwatetea.

Moyo hudanganya, tena hudanganya hasa katika saa ya msiba. Mtoto anaposhikwa na homa usiku, ng'ombe anapokufa zizini, au tumbaku ya mwaka mzima inapoungua banini, fikira mbaya huingia bila kubisha hodi, nayo haiji na ushahidi wowote; huja na jina la mtu tu. Fikira hiyo si dhambi, maana hakuna binadamu aliye na mlango wa kuizuia. Dhambi huanza pale mwenye nyumba anapoikaribisha, akaipa kiti, akaisikiliza kama mjumbe aliyetumwa na Mungu, na hatimaye akaipa panga. Baina ya fikira na mkono pana nafasi, na katika nafasi hiyo akili imepewa kazi ya hakimu; anayeiruka nafasi hiyo amemwondoa hakimu barazani akamkalisha mshitaki mahali pake.

Hesabu za serikali za baina ya mwaka 1970 na 1984 zilitaja watu zaidi ya 3,000 waliouawa nchini kwa kudhaniwa wachawi, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, upande wa pili wa mpaka wetu. Je, hujja iliyowaua ilikuwa nini? Macho mekundu. Mama aliyepika kwa kuni na samadi kwa miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, akavuta moshi asubuhi na jioni ili wanawe wale, mwishoni mwa umri wake aliambiwa kwamba wekundu wa macho yake ni alama ya uchawi, na waliomwambia hivyo walikuwa wamelishwa na moshi uleule. Sioni dhuluma iliyo chafu kuliko hiyo.

Wako watakaonijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Hiyo ndiyo hujja yao kubwa, wanaitamka kana kwamba ni aya, na mimi naiona kuwa hujja ya mtu aliyechoka kufikiri. Ikiwa kila lisemwalo lipo, basi mwongo hana kazi duniani, na kadhi na hakimu wafunge vitabu vyao warudi makwao kulima. Wapo pia wanaosema, "Nilimwota." Mtu amekula ugali mzito usiku, akalala chali, akamwota shangazi yake, na asubuhi anataka shangazi alipe! Kurani, katika Sura ya Al-Hujurat, imewakataza waumini kufuata dhana nyingi, na yule mzee wa tangani bila shaka ameisoma sura hiyo mara nyingi kuliko mimi.

Tena moyo hudanganya si katika mambo ya uchawi peke yake. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, Waarabu wa Unyanyembe walifanya majilisi, na Sheikh Khamis bin Abdallah akasema kwa ghadhabu kuu kwamba haifai kungoja. Walikwenda vitani wakidhani kazi ni ya siku chache. Mmoja wao, Soud bin Sayed, na watu wake waliiteka ngome ya Mirambo ya Wilyankuru, wakabeba ngawira, na katika kurudi wakaviziwa majanini na Mirambo. Soud akafa, jeshi likatawanyika, na msafiri wa Kizungu, Stanley, aliyekuwa amefuatana nao huku anaumwa homa, akakimbia pamoja na waliokimbia. Mnamo Agosti Mirambo akaja Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Sheikh Khamis aliyetoka kumkabili na watu wachache akauawa. Waungwana wale walikuwa na mali, bunduki na ujuzi wa njia; walichokosa ni kuilaza ghadhabu yao walau siku moja.

Mji huuhuu umeona kinyume chake. Mnamo Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikusanyika hapa Tabora, vifua vyao vimejaa uchungu, kwa sababu serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Uchungu ule ulikuwa wa haki, na wengi walitaka uchaguzi ususiwe mara moja. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huu, hakuwaambia kwamba mioyo yao haina haki ya kukasirika. Aliwataka watazame mbele, waulize kususia kutamfaa nani, na baada ya mjadala mrefu chama kikakubali kushiriki, na uamuzi huo hata leo huitwa Uamuzi wa Busara. Mwanachama mmoja, Zuberi Mtemvu, hakuridhika, akatoka akaunda chama chake. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 hakupata hata kura tatu katika kila mia. TANU ilishinda chaguzi za 1958 na 1959, na Desemba 1961 bendera ya uhuru ikapandishwa.

Lakini leo, kinachonichoma zaidi ni kwamba katika mji huu wa busara mtu hawezi kutembea hatua kumi asione kibao cha mganga wa ramli kimegongomewa kwenye nguzo ya umeme. Mpiga ramli hana biashara ila hiyo fikira mbaya ya mteja wake: huisikiliza, huipa jina, huipokelea fedha. Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli mnamo Januari 2015. Vibao vingali vipo.

Ewe msomaji uliye Nzega, Igunga, Uyui au Sikonge, ukimdhania mtu vibaya, usimpelekee mganga dhana yako, wala usiitoe usiku kwa vijana wenye pombe kichwani. Lala nayo, kisha nenda kwa mtu huyo mchana, pamoja na mzee mmoja mwenye insafu, umwulize uso kwa uso. Na kwa wenyeviti wa vijiji nina ombi moja: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu kuwa mkosaji yeye amtajaye mwenziwe kuwa mchawi, basi isomeni kwa sauti katika kila mkutano wa kijiji kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, na wapiga ramli wawe wa kwanza kuitwa kuisikiliza.