Kupigia Debe Basi Lisiloondoka

Kuna washkaji ambao mpaka leo ukiwagusia mashine ya gemu iliyoitwa M2 wanatikisa kichwa: "Aah, ile bwana ingeimaliza PlayStation!" Mimi huwauliza swali moja tu. Nani aliicheza sebuleni kwake? Kimya.

Haya, tukumbushane. Mwaka 1991 Trip Hawkins, yule yule aliyeanzisha Electronic Arts mwaka 1982, alianzisha kampuni ya 3DO. Mashine yake ya kwanza ikaingia madukani Marekani mwaka 1993 kwa dola 700 kasoro senti moja. Wazazi walipoiona bei hiyo wakashika njia. Basi zikaanza hadithi za mashine ijayo, M2. Mara ni kifaa cha kuchomeka kwenye ile ya zamani, mara ni mashine kamili inayojitegemea. Ina PowerPC 602 mbili! Ni ya biti 64! Mwaka 1995 Matsushita, wenye jina la Panasonic, wakalipa dola milioni 100 kununua haki zake. Debe likazidi kulia.

Na waliolipiga ni nani? Waandishi, ndugu zangu. Kurasa kwa kurasa za magazeti ya gemu zilipambwa kwa picha za majaribio na hesabu za kasi, na msomaji akaambiwa asubiri. Ahadi ikageuzwa habari. Wakati huohuo PlayStation ilikuwa madukani Japani tangu Desemba 1994, na Nintendo 64 ikafuata mwaka 1996. Watu wakanunua kilichokuwepo. Mwaka 1997 Matsushita wakaangalia soko, wakaona wamechelewa, wakafunga kitabu. M2 haikuuzwa kama mashine ya gemu ya nyumbani hata siku moja.

Najua mtanijibu: "Lakini teknolojia yenyewe ilikuwa ya kweli!" Sikatai. Konami waliitumia kwenye mashine zao za kumbi za michezo, zile za kutumbukiza sarafu, na Panasonic wakaiweka kwenye vifaa vya kazi za kibiashara. Ndiyo kinachoniuma zaidi. Angekuwa tapeli mwenye sanduku tupu tungemcheka yakaisha. Hapa chakula kilipikwa, harufu ikasambazwa mtaa mzima, wageni wakanawa mikono, halafu sufuria ikarudishwa ndani. Anayesifia harufu hiyo miaka yote hii, je, ameshiba?

Tena mwenye kuumia hakuwa tajiri wa dola milioni 100. Muulizeni fundi. Kenji Eno na kampuni yake ya Warp walikuwa wakiitengenezea M2 gemu iitwayo D2. Mashine ilipokufa, kazi ile ikafa nayo. Ilibidi waanze upya kwa mashine nyingine, Dreamcast ya Sega, na D2 ikatoka mwaka 1999 ikiwa kitu tofauti kabisa. Jasho la watu hilo, limemwagwa, na wapiga debe hawakuandika hata mstari mmoja wa kuomba radhi.

Sasa tujigeukie. Kijiweni kwetu nani hana M2 yake? Huyu ana riwaya "inayokuja" tangu alipokuwa kidato cha nne. Yule ana diwani ambayo jalada limeshachorwa, mashairi bado. Nami nimo, tamthilia yangu nimewasimulia mpaka mnaijua kuliko mimi. Halafu tunasifiana! "Mshkaji ni moto, subirini kitabu chake." Umekisoma? Hujakisoma. Basi unasifu nini?

Mimi naacha leo. Sitaandika sifa ya kitabu ambacho sijakishika mkononi, hata kiwe cha rafiki yangu, hata mwenyewe aninunie. Na tamthilia yangu msiniulize tena habari zake. Nitakapoimaliza nitakuja na karatasi, mzisome, mnipondee mbele ya watu. Mwenye riwaya naye alete kurasa, hata kumi.